Buick Grand National: silinda sita, tabo, na petroli isiyofika

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi, na ninyi nyote wapenzi wa magari ya zamani, habari za jioni.

Gari ninalotaka tulizungumze ni Buick Regal ya milango miwili, hasa ile nyeusi tii iitwayo Grand National, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1984 hadi 1987. Wamarekani wanaliita gari la ukubwa wa kati. Lina urefu wa mita 5 hivi, kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 108.1, na uzito wake umepita tani moja na nusu. Kwetu hilo ni jahazi. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na bodi imefungwa kwa boliti juu ya chesisi yake.

Niseme mapema jambo ninalotaka mliondoke nalo. Injini nyingi za gari hili zilizokufa hazikufa kwa uzee wala kwa mwendo. Zilikufa kwa sababu mwenye gari aliongeza presha ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, kabla ya kuhakikisha petroli inafika. Injini yenyewe ni ngumu kweli, lakini ugumu wake una mpaka, na mpaka huo umeandikwa kwenye historia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Buick walikuwa na injini ndogo ya V8 ya alumini, inchi za ujazo 215, yaani lita 3.5. Ilikuwa nyepesi sana lakini ghali kuisubu. Wakaiacha baada ya modeli za 1963, na mwaka 1965 Rover wa Uingereza wakanunua haki zake. Ndiyo hiyo iliyowekwa kwenye Range Rover ya kwanza mwaka 1970, kwa hiyo fundi yeyote aliyefungua Range Rover ya zamani, iwe Nairobi au Arusha, ameshashika ndugu wa injini tunayoizungumzia leo. Buick nao, kwa modeli ya 1962, walichukua umbo la V8 hiyo, wakaondoa silinda mbili, wakaisubu kwa chuma badala ya alumini, wakapata V6 ya bei nafuu kwa ajili ya gari lao dogo, Special.

Pembe kati ya safu mbili za silinda ikabaki nyuzi 90, pembe ya V8. Hapo ndipo tabia ya injini ilipozaliwa. V6 ya nyuzi 90 yenye pini tatu tu za krenki haiwaki kwa nafasi sawa. Krenki inazunguka nyuzi 90 silinda inalipuka, inazunguka 150 nyingine inalipuka, kisha 90 tena. Ikiwa imesimama bila gia unaona boneti inatetemeka. Wanunuzi wa Buick hawakuzoea mambo hayo. Mwaka 1967 kampuni ikauza mitambo yote ya kutengenezea injini hii kwa Kaiser, waliokuwa na Jeep, na mwaka 1970 AMC, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, wakainunua Jeep pamoja na mitambo hiyo.

Kisha ikaja 1973, Waarabu wakafunga mafuta, foleni za petroli zikazunguka mitaa ya Marekani, na General Motors, kampuni mama ya Buick, wakajikuta hawana injini ndogo ya kuweka kwenye magari yao makubwa. Mwaka 1974 wakainunua tena mitambo waliyoiuza wenyewe, wakairudisha Flint, Michigan. Kwa modeli za 1975 injini ikarudi sokoni ikiwa na lita 3.8. Mwaka 1977 wakairekebisha krenki: kila pini ikapasuliwa nusu mbili zilizopishana nyuzi 30, na mlipuko ukawa kila baada ya nyuzi 120. Mtetemo wa zamani ukatulia. Ukinunua krenki au kemshafti ya mtumba, hakikisha kwanza ni ya kabla au baada ya badiliko hilo, maana haziingiliani.

Tabo nayo haikuanza na gari jeusi. Mwaka 1976 Buick Century yenye V6 ya tabo iliongoza msafara wa kuanzisha mbio za Indianapolis 500. Mwaka 1978 Regal ilipopunguzwa ukubwa ikaanza kuuzwa na tabo: nguvu za farasi 150 kwa kabureta ya midomo miwili, 165 kwa ile ya minne. Tabo ilivuta hewa kupitia kwenye kabureta, hivyo mchanganyiko wa petroli na hewa ulisafiri njia ndefu na ya moto kabla ya kufika kwenye silinda. Tayari ilikuwa na sensa ya kusikia injini inapogonga, yaani petroli inapolipuka ovyo ndani ya silinda, na kurudisha nyuma muda wa cheche. Kwa mwaka 1978 hilo lilikuwa jambo kubwa, ingawa gari lenyewe halikumtisha mtu.

Jina Grand National limetoka kwenye mbio za magari za Marekani, NASCAR, ambazo wakati huo ziliitwa Winston Cup Grand National. Regal ya 1981 ilipewa pua iliyolala ili ikate upepo, na Richard Petty akashinda Daytona 500 ya mwaka huo akiwa ndani ya Buick. Darrell Waltrip akachukua ubingwa wa 1981 na 1982 kwa Buick, na kampuni ikatwaa taji la watengenezaji miaka yote miwili. Magari hayo ya mbio yalikuwa na silinda nane. Gari la dukani lililopewa jina lao mwaka 1982 lilikuwa la rangi mbili, fedha na kijivu cha makaa, na lilikuwa na V6 ya lita 4.1 isiyo na tabo, nguvu za farasi 125. Yalitengenezwa 215 tu. Kwa maoni yangu lilikuwa gari la stika, na mwaka 1983 hawakulitoa kabisa.

Kazi ya kweli ilianza 1984. Rangi ikawa nyeusi tupu, na kabureta ikatupwa. Kila silinda ikapata nozeli yake inayomwaga petroli kwa zamu yake, na distributa ikaondolewa, mahali pake zikakaa koili tatu, kila moja ikihudumia plagi mbili. Nguvu za farasi 200. Lakini hewa iliyotoka kwenye tabo iliingia kwenye injini ikiwa bado ya moto, ndiyo maana magari ya 1984 na 1985 wenyewe wanayaita ya hewa moto. Mwaka 1986 wakaweka intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa ya tabo, nyuma ya rejeta ya maji, na nguvu zikapanda hadi 235. Mwaka 1987 zikawa 245, na msokoto paundi-futi 355. Corvette ya mwaka huo, gari la fahari la kampuni mama, iliandikwa 240. Kuna watu ndani ya General Motors hawakufurahi.

Idadi zenyewe zinasimulia: 2,000 mwaka 1984, 2,102 mwaka 1985, 5,512 mwaka 1986, halafu 20,193 mwaka 1987, baada ya habari kusambaa. La mwisho lilitoka kiwanda cha Pontiac, Michigan, tarehe 11 Desemba 1987. Regal iliyofuata, ya 1988, ilisukuma kwa magurudumu ya mbele.

Kabla ya kufunga mlango wakatoa GNX, toleo maalumu la Grand National. Magari 547 yalichukuliwa yakapelekwa kwa kampuni ya ASC/McLaren. Tabo ikabadilishwa, ikawa na gurudumu la kauri lililo jepesi kuanza kuzunguka, intakula ikawa kubwa zaidi, giaboksi ikapangwa upya, na kwenye ekseli ya nyuma likafungwa fito refu la kuzuia difu isijiviringe pamoja na fito la Panhard la kuzuia ekseli isiende pembeni. Rimu zikawa za inchi 16. Kwenye karatasi ziliandikwa nguvu za farasi 276, na kila aliyeipima alijua ni zaidi. Jarida la Car and Driver lilipata sekunde 4.7 kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, na robo maili kwa sekunde 13.5. Na hayo ni magari yenye giaboksi ya otomatiki na viti vya sebuleni.

Sasa tuingie chini ya boneti, na hapa nitakaa.

Mgandamizo wa injini hii ni 8.0 kwa 1, na tabo ya kiwandani kwa modeli za 1986 na 1987 hutoa karibu paundi 15 kwa inchi ya mraba. Kompyuta inapima hewa inayoingia kwa sensa iliyo kwenye bomba la hewa, kisha inaamua nozeli zifunguke muda gani. Shida ni kwamba hesabu ya sensa hiyo inaishia gramu 255 kwa sekunde. Ukivuka hapo kompyuta haioni tena, na inaendelea kumwaga petroli kwa hesabu ile ile hata hewa ikiongezeka. Mtu anafupisha fito la westigeti, ile valvu inayopunguza presha ya tabo, mizunguko miwili, presha inapanda, gari linaruka, anafurahi. Hajui kwamba amemwacha dereva kipofu kwenye usukani.

Kipimo cha kwanza ni presha ya petroli. Funga geji kwenye reli ya nozeli, washa injini, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta ya petroli, kisha soma. Wengi huiweka paundi 43. Rudisha mpira. Sasa kanuni: kila paundi moja ya presha ya tabo lazima iongeze paundi moja ya petroli, la sivyo hewa ya tabo inaipinga petroli kwenye nozeli, na inayotoka inakuwa pungufu. Kwa hiyo kwa paundi 15 za tabo, geji lazima ionyeshe 58. Geji ifungwe kwa mkanda nje ya kioo cha mbele ili ionekane mtu akiendesha, na kipimo kifanyike gari likibeba mzigo kweli, siyo gereji. Ikiwa inapanda hadi 50 kisha inaanza kushuka huku tabo inazidi, ondoa mguu mara moja.

Pampu iko ndani ya tangi, na mara nyingi yenyewe haina kosa. Kosa ni waya. Waya wa kiwandani ni mwembamba na umepita kwenye viunganishi kadhaa tangu mbele hadi nyuma. Baada ya karibu miaka 40 umeshika kutu, na pampu inapata volti 11 au pungufu wakati alteneta inatoa karibu 14. Pampu inazunguka polepole, na petroli inapungua wakati ule ule inapohitajika. Dawa ni kuvuta waya mnene kutoka alteneta au betri hadi nyuma, uwe na fyuzi karibu na chanzo, uingie kwenye rilei, na waya wa zamani utumike kuiamrisha rilei tu. Badilisha pia waya wa ethi ya tangi. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na ndiyo ya kwanza kufanya kabla hata ya kufikiria chipu mpya ya kompyuta.

Petroli ikipungua, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inagonga. Kugonga huku hukusikii vizuri kwa sababu gari lina kelele na tabo inapuliza. Gasketi ya silinda hedi ndiyo inayotangulia kuondoka, na ikiondoka mshukuru Mungu, maana isipoondoka ni pistoni. Plagi zitakusimulia ukizitoa: vitone vidogo vya kung'aa kwenye kauri nyeupe ni alumini ya pistoni. Ukiviona, usiwashe tena. Mwanya wa plagi uwe 0.035 ya inchi, karibu milimita 0.9, ukiuacha mpana, presha ya tabo huizima cheche, na gari linakohoa likivuta.

Kemshafti ya injini hii inasukuma valvu kupitia tapeti bapa, si za rola. Oili za kisasa zimepunguziwa zinki kwa ajili ya kulinda katalitiki, na tapeti bapa haipendi hivyo. Nundu ya kemshafti inayofungua valvu ya eksozi ya silinda ya 3 inajulikana kwa kulika. Dalili ni injini kulegea upande mmoja na mlio mdogo wa tik tik kwenye kifuniko cha valvu. Fungua kifuniko, zungusha injini kwa mkono, upime kila valvu inavyonyanyuka. Tumia oili yenye zinki ya kutosha. Giya ya tamingi cheni ya kiwandani ina meno ya nailoni juu ya alumini, na nailoni hiyo huzeeka, hukatika, na vipande huangukia kwenye kichujio cha pampu ya oili. Ukinunua gari ambalo hakuna anayejua kama giya iliwahi kubadilishwa, chukulia haijabadilishwa. Pampu yenyewe ya oili imejengwa ndani ya kifuniko cha mbele cha alumini. Kifuniko kikilika, presha inashuka, na wa kwanza kuumia ni beringi za tabo. Tabo hii inapozwa kwa oili peke yake, haina maji, kwa hiyo baada ya kulikimbiza gari liache lipumue dakika moja au mbili kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa makaa.

Kuna kosa moja la umeme linalowachanganya mafundi wengi. Gari linatembea vizuri, unazima, ukirudi haliwaki. Starta inazungusha, petroli ipo, hakuna kitu. Kwenye modeli za 1986 na 1987 angalia sensa ya kemshafti, ile yenye kofia iliyosimama pale mbele. Kompyuta inaihitaji wakati wa kuwasha tu ili ijue zamu ya silinda. Ikifa njiani, injini inaendelea, ila ukizima ndiyo basi. Ukiweka mpya, usiifunge kwa kubahatisha. Toa plagi ya silinda ya 1, zungusha krenki kulingana na mzunguko wake hadi pistoni hiyo ifike juu ikiwa kwenye mgandamizo, kisha endelea hadi nyuzi 25 baada ya hapo. Kwenye ukingo wa puli ya krenki hiyo ni inchi 1.46, karibu milimita 37. Pima kwa kipande cha mkanda na uweke alama. Hapo ndipo utakapozungusha sensa, volitimita ikiwa kwenye waya wa ishara, hadi volti zibadilike ghafla, na ndipo unapokaza boliti.

Breki ni suala la peke yake. Injini ya tabo haina vakyumu ya kutegemewa, hivyo modeli za 1986 na 1987 zina mtambo uitwao Powermaster: mota ya umeme inasukuma oili ya breki ndani ya tungi la duara la chuma lenye gesi, na presha hiyo ndiyo inayosaidia mguu wako. Gesi ikivuja au swichi ya presha ikifa, pedali inakuwa jiwe, wakati mwingine bila onyo zaidi ya taa nyekundu kumulika. Jaribio ni rahisi: zima swichi ya gari, kanyaga breki mara 10 au zaidi hadi iwe ngumu, kisha washa swichi. Mota isikike ikifanya kazi na inyamaze ndani ya sekunde 20. Ikiendelea, au ikiwa inajiwasha tena kila unapogusa breki, usiendeshe. Kiwango cha oili nacho kisomwe baada tu ya kukanyaga hivyo, kwa sababu mtambo ukiwa na presha oili nyingi imejificha ndani. Ukiongeza wakati huo itamwagika baadaye. Wengi wameng'oa Powermaster wakaweka mfumo wa kutumia presha ya pampu ya usukani, na kwa gari la kuendesha kila siku siwalaumu.

Bodi nitaigusa tu. Chesisi inaoza nyuma ya magurudumu ya nyuma, karibu na bampa. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Vipande vya plastiki kati ya bampa na bodi hupasuka vyenyewe, hata gari likikaa ndani. Milango ni mirefu na mizito, pini za bawaba zinalika, kwa hiyo ukiufungua mlango ukashuka, ujue ni pini.

Kuhusu magari ya uongo, na yapo mengi, maana Regal ya kawaida ikipakwa nyeusi inafanana kabisa. Soma namba ya chesisi: herufi ya nane iwe 9 kwa tabo ya 1984 na 1985, au 7 kwa 1986 na 1987. Hiyo inathibitisha tabo peke yake, kwa sababu kulikuwa na Regal nyingine za tabo. Kwa Grand National ya 1987 fungua buti utafute karatasi ya alama za vifaa vya gari chini ya kifuniko. Tafuta LC2, ambayo ni injini, na WE2, ambayo ndiyo Grand National. Ukikuta WE4 umepata Turbo T nyepesi, gari zuri, lakini bei yake si hiyo unayotajiwa.

Na la mwisho ni giaboksi, 200-4R ya gia nne. Ina kebo kutoka kwenye mdomo wa hewa wa injini inayoamua presha ya oili ndani yake, kulingana na unavyokanyaga. Fundi akishaondoa mdomo huo kwa kazi nyingine, akarudisha kebo bila kuirekebisha, giaboksi inabadilisha gia kwa ulaini wa kupendeza, na klachi zake zinaungua ndani ya siku chache. Kebo ina kitufe cha kujirekebisha: kibonyeze, sukuma kitelezi kirudi chote nyuma, achia, kisha injini ikiwa imezimwa mtu akanyage aksili hadi mwisho, utasikia kikijipanga. Gari likibadilisha gia mapema na kwa ulegevu baada ya matengenezo, usilijaribu barabarani; rudi kwenye kebo kwanza.

Asanteni. Mwenye swali anyooshe mkono.